Sakafu Ilipigwa Sawa: Maisha ya Mama Kaa-Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kaeni kwanza. Waliosimama nyuma watafutiwe viti, na vijana wawapishe wakubwa wao. Mama yetu hakupenda jambo la maana lisemwe watu wakiwa wima, na kwa kuwa leo jambo lenyewe ni yeye, familia haitaki kuanza kwa kumuudhi.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Kaa-Kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la zamani. Alikuwa mtoto wa pekee wa fundi mwashi na mkewe mshona nguo. Alipokuwa na miaka mitatu, baba yake alikabidhi kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, yaani jumba la sinema la mji huu. Mwaka uliofuata homa ya mapafu ikamchukua. Mama alikumbuka mambo mawili tu ya baba yake: mikono mikavu yenye harufu ya simenti, na siku aliyobebwa mabegani ndani ya ukumbi mtupu, akaambiwa apige kelele asikie sauti yake ikimrudia. Hayo mawili aliyatunza maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Wakati huo jumba la sinema lilikuwa limefungwa, kwa sababu barabara kuu ilikuwa ikipitishwa upande wake wa pili, na mwenye jumba alikuwa ameliuza. Lilipofunguliwa tena mwaka 1960 chini ya tajiri mpya, mji ulikuwa umejaa wageni waliokuja na barabara. Wakaingia, wakakaa, wakaanza kulalamika. Wenye umri mkubwa kati yenu mnaikumbuka sakafu ile. Badala ya kuteremka kuelekea kwenye skrini, kama sakafu ya sinema yoyote, ilipanda. Waliokaa mbele walikuwa juu kama vyombo kabatini, na waliokaa nyuma walilipa kiingilio ili kutazama visogo. Tajiri alipoulizwa alijibu kwa mkato kwamba fundi aliyejenga alikuwa mlevi, na sakafu aliipima akiwa chakari. Fundi mwenyewe alikuwa kaburini, hakuwa na la kujibu. Mji ukambatiza jina la Fundi Kinyume, na jina likahamia kwa mtoto.

Enzi hizo mwanafunzi alijibu swali akiwa amesimama. Kila Binti Kinyume aliposimama, sauti ilitoka nyuma: "Angalia usije ukateremkia huku!" Darasa zima likavunjika mbavu, mwalimu naye akiuma midomo asicheke. Mwishowe mtoto aliacha kunyoosha mkono hata kwa maswali aliyoyajua vizuri. Siku moja alimkabili bibi yetu kwenye cherehani.

"Mama, baba alikuwa mlevi?"

Bibi alikata uzi kwa meno. "Baba yako alikuwa fundi," akasema, akaendelea kushona.

Jibu hilo lilimsumbua kuliko matusi yote ya shuleni, maana halikuwa ndiyo wala halikuwa hapana. Alikwenda nalo shule, akakua nalo, akazeeka nalo. Kila kitu kingine mtakachosikia hapa leo kilitokana na swali hilo.

Alisoma kwa hasira, na hasira ikamfaa. Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1970, akaajiriwa Januari 1972, akafundisha shule za msingi za mji huu hadi alipostaafu mwaka 2011. Katika muda huo wote hakuna mtoto aliyesimamishwa ili ajibu. "Kaa kwanza, ndipo useme," ndiyo ilikuwa amri yake. Alisema mtu aliyesimama anafikiria miguu yake, na aliyekaa anafikiria swali. Wakaguzi walikuja wakamkemea, wakaondoka, wakaja wengine wakamkemea upya. Aliwapa viti wote. Lakini msidhani alikuwa mlaini, hasa nyinyi mnaotabasamu hapo mstari wa tatu. Ukimdanganya, alikukalisha mbele yake kimya mpaka uongo wenyewe ukachoka, ukatoka mdomoni kwa hiari yake.

Mwaka 1973 alikwenda sinema. Hakuipenda sakafu ile, lakini picha alizipenda, na alikuwa na kawaida ya kukaa nyuma kabisa, kama mtu anayemtembelea jamaa mwenye matatizo. Siku hiyo mbele yake alikaa seremala kijana mrefu ajabu, ambaye kwa msaada wa sakafu alionekana amekalia stuli juu ya stuli nyingine. Mama alivumilia kidogo, kisha akamgusa bega.

"Kaka, hicho kichwa chako kimekatiwa tiketi?"

Kijana akageuka. "Kimeingia bure, dada. Tunaongozana tu."

"Basi kiinamishe. Mimi nimelipa."

Akakiinamisha. Alikaa hivyo mpaka taa zilipowashwa, na alipojaribu kuinuka, shingo ilikuwa imekakamaa, hata Mama akashikwa na huruma. Ikabidi amsindikize, na kwa kuwa kijana hakuwa ameona chochote isipokuwa viatu vyake, akamsimulia picha nzima njiani. Baba anasema mpaka leo hajawahi kuiona picha ile, na hana haja. Kabla hawajaachana Mama alimwambia yeye ni mtoto wa nani, ili asije akaambiwa na wengine. Baba akatafakari. "Basi baba mkwe ndiye aliyetukutanisha," akasema. "Angeipiga sawa hiyo sakafu, ungekiona wapi kichwa changu?" Mama alicheka. Lakini alitukiria baadaye kwamba alicheka na kuumia kwa pamoja, kwa sababu hata huyu mwema alikuwa ameamini.

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa ndiye anayesoma maneno haya. Nyumba yao ilikuwa na viti vingi kuliko watu, kwa sababu Baba alivitengeneza na Mama alivitumia. Kila walipokwenda sinema Baba alikaa mbele yake makusudi na kuinamisha kichwa bila kuambiwa, mchezo wao wenyewe, mpaka mwaka 1994 sinema ilipofungwa na ukumbi ukageuzwa ghala la simenti.

Mwaka 2014 warithi wa tajiri walitaka kuliuza jumba libomolewe, pawe maegesho ya magari. Baraza la mji likamtuma mhandisi. Mhandisi akaandika kwamba jengo halina la kuhifadhiwa, kwani sakafu yake yaonyesha lilikosewa tangu msingi na fundi asiyejua kazi. Ripoti ilisomwa hadharani, Mama akiwapo. Alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamwambia Baba, "Zamani walisema tu. Sasa wameandika."

Hapo ndipo alipojifunga kibwebwe. Alikuwa na miaka sitini na tatu, magoti yakimsumbua, na watoto wake wote tukimwambia apumzike. Huyu kitinda mimba hasa alimwambia, "Mama, babu amekufa miaka yote hiyo, jengo lenyewe ni la panya. Unataka nini?" Mama akamtazama kwa ile namna yake. "Nataka kujua nimeonewa au nimestahili," akasema. "Ikiwa nimestahili, nitakaa chini niseme nimestahili. Lakini nijue."

Tatizo ni kwamba alianza na swali lisilofaa. Alikwenda kiguu na njia nyumba hadi nyumba akiwauliza wazee kama baba yake alikuwa akinywa. Nani atamwambia mwanamke mzima, aliyeketi sebuleni kwake, kwamba baba yako alikuwa mlevi? "Hata kidogo, mwanangu. Alikuwa mtu safi." Safi, safi, safi, nyumba zote. Aliyefundisha watoto miaka mingi vile hakosi kutambua majibu yaliyotiwa sukari. Akabadili utaratibu. Sebuleni, akasema, watu hukumbuka adabu, tuwapeleke palepale. Akamwomba mlinzi wa ghala ruhusa, akambebesha Baba kiti cha jikoni, wakaanza kuwaingiza wazee mmoja mmoja. Kila mmoja alionyesha mahali alipozoea kukaa, kiti kikawekwa hapo, na Mama akasema yale maneno yake.

Waliokuwepo hawatasahau vituko vya miezi ile. Bibi mmoja alikataa katakata kukaa kwingine, na mahali pake palikuwa chini ya rundo la mifuko ya simenti, ikabidi mlinzi aihamishe huku akinung'unika. Mzee mwingine alionyesha kwa furaha kona aliyokaa na mchumba wake, mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa utulivu kwamba yeye hajawahi kukaa upande ule. Mama alipata kicheko kingi na habari nyingi. Lakini kuhusu sakafu wote walisema lilelile, kwamba ilikuwa kinyume tangu walipoanza kuingia. Wote walikuwa wameanza kuingia baada ya barabara; waliolijua jumba la mwanzo walikuwa wamekufa au wamehama.

Juni 2015 alimpata mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyefundisha hapa ujanani, akahamishwa kabla barabara haijaja, na sasa alikuwa amerudi uzeeni kuishi kwa binti yake. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Binti alimwonya Mama kwamba mzee siku hizi anachanganya mambo. Mama alimshika mkono, akampitisha mlango wa barabarani, akamkalisha kwenye kile kiti, uso ukielekea ilikokuwa skrini. Mzee akapapasa sakafu kwa nyayo, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ndala. Kisha akasimama, akakigeuza kiti mwenyewe, akakaa tena kuelekea barabarani.

"Baba, picha ni huku," binti yake akamwambia kwa upole. "Hapo unatazama mlango."

"Mlango gani? Mlango uko nyuma yangu, kule kichochoroni. Mmenikalisha kinyume."

Binti akamnong'oneza Mama, "Ndiyo hayo niliyokwambia, dada. Usimchukulie maneno."

Lakini Mama alikuwa amechuchumaa, magoti mabovu na yote, kiganja kikiwa sakafuni. "Mzee wangu, umejuaje?"

"Miguu, binti. Miguu inateremka kwenda kwenye picha. Nilikaa humu kila Jumamosi mpaka wakanihamisha. Nani amewadanganya kwamba picha iko mlimani?"

Mama alielewa yote kwa mkupuo mmoja. Sakafu haikukosewa, ukumbi ndio uliogeuzwa. Barabara ilipopita upande wa pili, tajiri mpya alitaka mlango utazame wateja. Akatoboa ukuta uliokuwa na skrini, akaweka mlango wake. Mlango wa zamani wa kichochoroni akauziba, na skrini akaitundika hapo. Sakafu akaiacha ilivyo, kwa kuwa kuipiga upya ilikuwa kazi, na kumtwika maiti lawama haikuwa kazi.

Hata hivyo swali la utotoni lilikuwa bado kooni. "Fundi aliyejenga, unamkumbuka?"

"Sana."

"Alikuwa mlevi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kunywa alikunywa, binti. Jumamosi ukimpa nafasi, aliimba mpaka mbwa wakaitikia. Lakini Jumatatu alikuwa na pimamaji mkononi, na sakafu hii aliipiga sawa. Kwani wewe ni nani yake?"

"Ni mwanawe."

"Basi kaa," mzee akasema. "Kaa kwanza, nikwambie habari za baba yako."

Mama akakalia mfuko wa simenti, na alikaa hapo mpaka mzee alipomaliza. Alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi kuanzia kiunoni, amelia na kucheka mpaka uso umevimba, na gauni lile halikutakata tena. "Alikuwa mlevi wa Jumamosi!" alimwambia Baba kabla hajaingia ndani. "Na sakafu aliipiga sawa!" Hatukuwahi kumwona na furaha kama ile, hata siku za harusi zetu.

Neno la mzee asiyeona lisingetosha kwa baraza, na Mama alijua. Lakini kama skrini ilikuwa upande wa barabara, basi mashine ya kuonyeshea picha ilisimama upande wa kichochoro, na ukuta wa huko lazima uwe na vidirisha vyake, hata kama vimezibwa. Akaomba kamati ya baraza ije ione. Ilikuja jioni ya tarehe 22 Agosti 2015, pamoja na mhandisi, warithi, na umati wa watu waliosikia kwamba mwalimu anakwenda kutoboa ukuta. Baba alipanda ngazi na nyundo na tindo, akabandua plasta katikati kabisa. Matofali mazima. Akahamia chini kidogo. Matofali mazima. Mtu mmoja nyuma akaropoka, "Kinyume tena!" na kicheko kikaanza kutambaa. Mama alisimama pale akiwa na umri wake wote, na uso wa mtoto aliyeitwa kujibu swali.

Mhandisi ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa kijana mpole, na jambo hili lilikuwa limekwisha kumwingia akilini kama mtu wa kazi yake. Alipanda ngazi ya pili, akaweka sikio ukutani, akagonga kwa vidole akisogea. "Mzee," alimwambia Baba, "hapa panalia kama debe. Gonga." Baba akagonga. Plasta ikaanguka bamba zima, na nyuma yake kukatokea fremu ya mbao, mraba, imejazwa matofali membamba yaliyopangwa ovyo. Walipoyasukuma, yakaangukia kichochoroni. Jua la jioni lilikuwa chini, likaingia kwenye tundu lile, likapita juu ya vichwa vyetu sote, likagonga ukuta juu kidogo ya mlango wa barabarani. Watu wakageuka wote kwa pamoja, wakatazama kule picha ilikokuwa.

Mhandisi akashuka. "Ripoti niliandika mimi," akasema kwa sauti ya kusikika, "na nimekosea. Aliyejenga hapa alijua kazi." Na yule aliyeropoka, ambaye leo yuko nasi na amekwisha kusamehewa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Umati ukashangilia mpaka vumbi la simenti likadondoka kutoka kwenye paa. Mama hakupunga mkono wala kuhutubia. Alitafuta kiti, akakaa, akasema, "Haya. Sasa semeni."

Jengo halikubomolewa. Baraza lililichukua, mlango wa kichochoroni ukafunguliwa upya, skrini ikarudishwa mahali pake, na viti vikatengenezwa na Baba pamoja na vijana wa karakana yake. Kibao cha mlangoni kina jina kamili la babu na maneno aliyoyachagua Mama: "Aliipiga sawa." Karani mmoja alipendekeza iongezwe kwamba fundi huyo hakugusa pombe maishani mwake. Mama akakataa. Alisema amechoka kusikia uongo juu ya baba yake, wa kumchafua na wa kumsafisha.

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 4 Novemba 2017. Mama alikaa mstari wa nyuma kabisa, Baba akakaa mbele yake, kama kawaida yao. Taa zilipozimwa, Baba akainamisha kichwa. Mama akamgusa bega.

"Kaa wima, mume wangu. Naona."

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao nao hawakuponyoka. Daktari aliyekuja kumweleza hali yake akiwa amesimama mlangoni aliambiwa akae kwanza, akakaa, na anasema tangu siku hiyo hajawahi kumpa mgonjwa habari nzito akiwa wima. Miezi ya mwisho alikuwa nyumbani, dirisha wazi, akiwaambia wajukuu habari za baba yake wa Jumamosi na wa Jumatatu. Aliaga dunia kwa utulivu asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Tumeumia, na hatutajifanya hatukuumia. Lakini alikwenda akiwa amejibiwa.

Ameacha mume, watoto wanne, wakwe wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja aliyeanza kukaa mwenyewe wiki iliyopita, jambo ambalo Mama angelisherehekea. Ameacha pia wanafunzi wasiohesabika, na ukumbi ambao leo jioni utawashwa taa kwa heshima yake, milango wazi kwa wote.

Tangu asubuhi kuna waliomuuliza Baba kwa nini hainamishi kichwa kama wafiwa wengine. Mnamwona hapo mbele, wima kama nguzo, machozi yakimtoka. Amewajibu wote neno moja tu: "Nilishakatazwa."

Sasa na akae, mama yetu. Apumzike kwa amani mahali penye mteremko mzuri, asikingwe na kichwa cha mtu yeyote.